Kusajili gari kutoka nje nchini Ireland: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenzetu wanaoishi Ireland, au walio njiani kuhamia huko, ambao wanafikiria kununua gari nje na kuliingiza. Maswali ni yale yale tunayoulizwa kwa simu, baada ya swala ya Ijumaa, baada ya misa na kwenye harusi. Viwango vya VRT (kodi ya kusajili gari) vilivyomo ni vile vinavyotumika tangu Januari 2022. Serikali husoma bajeti kila mwaka, kwa kawaida Oktoba, na humo ndimo viwango hubadilishwa, hivyo pitia tovuti ya Revenue, mamlaka ya mapato ya Ireland, kabla hujamtumia muuzaji senti yoyote. Ombi letu kubwa ni hilo: piga hesabu pesa ikiwa bado mfukoni mwako. Tumeona watu wengi mno wakianza kuipiga gari likiwa tayari bandarini.

VRT ni nini, na nani anailipa?

Ni kodi ya kusajili gari. Kila gari linalosajiliwa Ireland kwa mara ya kwanza huilipa, jipya au lililotumika. Ukinunua gari ambalo tayari lina namba za Ireland, VRT ilishalipwa zamani na mmiliki wa kwanza. Wewe unabadilisha umiliki tu. Ukilileta kutoka nje, hata kama muuzaji huko alishalipa kodi zote za nchi yake, hapa unaanza upya.

Kodi ni ya Revenue, lakini kazi ya kulikagua gari na kulisajili hufanywa na vituo vya NCTS kwa niaba yao. Ni vituo vile vile vinavyofanya ukaguzi wa NCT, yaani ule wa usalama wa gari barabarani, ila ni shughuli mbili tofauti na tutaligusa hilo mbele.

Nina siku ngapi tangu gari liingie nchini?

Siku 7 za kuweka miadi na NCTS, siku 30 za kumaliza usajili na kulipa VRT. Hesabu inaanza siku gari lilipogusa ardhi ya Ireland, si siku ulipolinunua. Tunza tiketi ya feri au karatasi za meli, maana huo ndio ushahidi wako wa tarehe. Ukipitisha siku 30, kila siku ya kuchelewa inaongeza asilimia 0.1 ya VRT unayodaiwa. Kiasi chenyewe si kikubwa. Kikubwa ni kwamba gari lililopitisha muda linaweza kukamatwa na maofisa wa forodha.

Kama miadi ya karibu haipatikani kwenye kituo cha mtaani kwako, tafuta kituo cha kaunti nyingine. Si lazima usajili unapoishi.

Gari nimelinunua euro 6,000. Kwa nini Revenue wanalihesabia euro 9,500?

Kwa sababu VRT haitozwi kwenye bei uliyolipa. Inatozwa kwenye OMSP, yaani bei ambayo gari kama hilo lingeuzwa leo katika soko la Ireland, kodi zote zikiwa ndani yake. Bei hiyo wanaipanga Revenue. Waliowahi kutoa gari bandarini Mombasa au Dar es Salaam wanalijua jambo hili: KRA na TRA nao wana bei zao za magari, na risiti yako ya mnada wa Yokohama haiwashawishi sana.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Unapata gari kwa bei ya chini Birmingham kwa kuwa jamaa anahama na anauza haraka. Unafurahi. Lakini Revenue hawaangalii haraka ya jamaa, wanaangalia gari. Punguzo ulilopata halishushi VRT hata kidogo. Kinachoweza kuishusha ni hali ya gari lenyewe: kilomita nyingi kupita kawaida, ajali, kutu, injini mbovu. Mambo hayo yawekwe wazi siku ya ukaguzi, kwa picha na makadirio ya fundi.

Revenue wana kikokotoo cha VRT kwenye tovuti yao, bure, na huhitaji kufungua akaunti. Ingiza aina ya gari, modeli, mwaka, injini na kilomita. Utakachopata ni makadirio, lakini kwa magari ya kawaida huwa hayapishani sana na ukweli. Kuwa makini na toleo: modeli moja inaweza kuwa na matoleo matano yanayotofautiana kwa viti, magurudumu na injini, na ukichagua lisilo lako unajidanganya kwa mamia ya euro.

VRT yenyewe inapigwaje?

Ina sehemu mbili zinazojumlishwa: sehemu ya CO2 na sehemu ya NOx.

Sehemu ya CO2, yaani kaboni dioksidi inayotoka kwenye moshi wa gari, ni asilimia ya OMSP. Kuna ngazi 20. Ngazi ya chini ni gari linalotoa gramu 0 hadi 50 kwa kilomita, ambalo hulipa asilimia 7. Ngazi ya juu ni gari linalozidi gramu 190, ambalo hulipa asilimia 41. Katikati, ngazi hupanda kidogo kidogo mwanzoni kisha zinaruka: gari la gramu 108 ni asilimia 13.5, la gramu 138 ni asilimia 20, la gramu 160 ni asilimia 30.

Kuna mtego kwenye gramu hizo. Tangu 2021 Ireland inatumia kipimo kipya cha Ulaya kiitwacho WLTP. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya 2018 yana kipimo cha zamani, NEDC, ambacho kilikuwa kinayapendelea. Kwa hiyo namba ya zamani hubadilishwa kwa fomula. Kwa petroli unazidisha kwa 0.9227 kisha unaongeza 34.554. Kwa dizeli unazidisha kwa 1.1405 kisha unaongeza 12.858.

Chukua gari la petroli ambalo kadi yake ya Uingereza imeandikwa gramu 118. Zidisha, ongeza, unapata kama gramu 143. Hapo umetoka ngazi ya asilimia 16 na kuingia ngazi ya asilimia 21.5. Kama OMSP ni euro 15,000, sehemu ya CO2 ni euro 3,225. Mtu aliyesoma 118 kwenye kadi na kwenda moja kwa moja kwenye jedwali alitegemea euro 2,400.

Na hiyo NOx?

Ni tozo ya moshi wa oksidi za naitrojeni, ilianza Januari 2020. Inahesabiwa kwa miligramu kwa kilomita: miligramu 40 za kwanza ni euro 5 kila moja, kutoka 41 hadi 80 ni euro 15 kila moja, na kila moja inayozidi 80 ni euro 25.

Gari la petroli lenye miligramu 30 linalipa euro 150, na hakuna anayelalamika. Dizeli ndiyo yenye kilio. Dizeli ya miligramu 100 inalipa 200, kisha 600, kisha 500: jumla euro 1,300. Viwango vya moshi vya Ulaya viitwavyo Euro 5 (jina tu, si pesa) viliruhusu dizeli kufika miligramu 180, na gari la kiwango hicho cha mwisho lingelipa euro 3,300 za NOx peke yake. Viwango vilivyofuata, Euro 6, viliishusha ruhusa hiyo hadi 80, ambayo ni euro 800. Ndiyo maana tunasema wazi: dizeli ya Euro 5 kutoka nje usiiguse bila kuijua NOx yake.

Tozo ina kikomo, euro 4,850 kwa dizeli na euro 600 kwa mengine. Ila sikiliza vizuri: ukishindwa kuthibitisha NOx ya gari lako, unatozwa kikomo chenyewe. Ushahidi unaoaminika ni cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji, ambacho wengi wanakiita CoC. Kama gari halina, mwandikie mtengenezaji au mwakilishi wake uombe kabla ya kununua. CO2 nayo ni vivyo hivyo. Gari lisilo na ushahidi linapelekwa ngazi ya asilimia 41.

Nikinunua Uingereza, bado kuna ushuru wa forodha?

Ndiyo, tangu tarehe 1 Januari 2021. Kabla ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya ulikuwa unashuka hadi bandari ya Holyhead, unapanda feri, unafika Dublin na kulipa VRT tu. Habari hizo zimepitwa na wakati, ingawa bado kuna wanaozisimulia.

Sasa gari kutoka England, Scotland au Wales linaingia kama mzigo wa kutoka nchi ya nje. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 23, na VAT inatozwa juu ya bei ikiwa imeshajumlishwa usafiri, bima ya safari na ushuru. Gari lililokugharimu euro 10,000 hadi kufika bandarini: ushuru euro 1,000, VAT euro 2,530. Umefika euro 13,530, na VRT bado hujaigusa.

Watu huuliza, "Lakini nimenunua kwa mtu binafsi, yeye hakunitoza VAT." Haijalishi. VAT hii inatozwa kwa kuingiza gari, si kwa kuuziana. Ushuru wa asilimia 10 unaweza kuondoka ikiwa gari lilitengenezwa Uingereza na muuzaji akatoa tamko la asili linalokubalika chini ya mkataba wa biashara. VAT haiondoki. Nafuu pekee ya maana ipo kwenye yadi za huko zinazouza magari yenye VAT ndani ya bei: ukithibitisha kwamba gari linatoka nchini, wanaweza kukuuzia bila VAT ya Uingereza. Uliza swali hilo kabla ya kupatana bei.

Tamko la forodha linawekwa kwa njia ya kompyuta na linatakiwa liwe tayari kabla feri haijafika. Mtu binafsi anaweza kulifanya mwenyewe, lakini ushauri wetu ni kumlipa wakala wa forodha. Akikosea karatasi yeye anajua mlango wa kugonga.

Kwa maoni yetu, gari la kawaida la familia kutoka Uingereza siku hizi halilipi. Linaweza kulipa kama ni gari adimu, au kama unahamia na gari lako mwenyewe.

Nasikia Ireland ya Kaskazini hakuna forodha. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Kwa mambo ya forodha Ireland ya Kaskazini ilibaki karibu na Umoja wa Ulaya, kwa hiyo gari lililokuwa linatumika huko kihalali linaweza kuvuka bila ushuru wala VAT. Lakini Revenue wanataka uthibitisho. Kama gari lilisajiliwa na kutumika huko kabla ya mwaka 2021, kazi ni nyepesi. Kama lilitoka England au Scotland baada ya hapo, utaombwa kuonyesha kwamba lilitangazwa forodha lilipoingia Ireland ya Kaskazini, au kwamba lilimilikiwa na kutumiwa kweli na mkazi wa huko.

Hapo ndipo madalali wanapocheza. Gari linatoka Manchester wiki hii, linapumzika kwenye yadi ya Newry, mji wa Ireland ya Kaskazini ulio karibu na mpaka, wiki ijayo linatangazwa kuwa "gari la Kaskazini". Fungua kadi ya Uingereza, ile V5C, angalia jina na anwani ya mmiliki aliyesajiliwa na tarehe aliyolipata. Kama anwani ni ya England na gari liko Newry, muuzaji akuonyeshe karatasi za forodha. Akianza kuzungusha maneno, ondoka, hata kama gari limekupendeza. Deni hilo litakuja kwako, si kwake.

Na nchi nyingine za Umoja wa Ulaya?

Hakuna forodha. VAT ya Ireland inatozwa tu kama gari ni jipya kwa tafsiri ya sheria: lina miezi 6 au chini tangu lianze kutumika, au limetembea kilomita 6,000 au chini. Mojawapo inatosha. Gari la miaka mitatu lenye kilomita 5,500 bado ni jipya na linatozwa asilimia 23.

Magari ya Ujerumani na Ufaransa yana usukani kushoto. Yanasajiliwa bila tatizo, ila kuyauza baadaye ni shughuli. Usukani wa kulia ndani ya Umoja upo Malta na Kupro, ambako nako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara.

Nimezoea kuagiza gari Japani. Naweza kufanya hivyo nikiwa Ireland?

Unaweza, na usukani uko upande unaoujua. Wala hakuna kikomo cha umri kama kile cha Kenya cha miaka 8. Lakini utaratibu wa huku ni mwingine kabisa, na sifa ya gari kule nyumbani haina uzito hapa.

Kwanza forodha na VAT, kama ilivyoelezwa kwa Uingereza. Mkataba wa biashara kati ya Umoja wa Ulaya na Japani, ulioanza Februari 2019, umekuwa ukipunguza ushuru mwaka hadi mwaka kwa magari yenye asili ya Japani. Punguzo halitolewi kwa kuangalia nembo kwenye boneti. Lazima litamkwe kwenye karatasi na muuzaji wa nje. Wauzaji wengi wa minada hawana mazoea hayo, kwa hiyo litake kwa maandishi mapema.

Pili ni thamani. Toyota Noah, Probox na Wish hazikuuzwa rasmi Ireland, kwa hiyo huenda usizikute kwenye kikokotoo na thamani ikabidi ipangwe na Revenue wenyewe. Hilo linachukua muda na halikupi uhakika wa bei. Vitz ina ndugu yake Yaris, Fit ni Jazz, March ni Micra, na hizo angalau wana cha kulinganisha.

Tatu, na hili ndilo linalowachoma watu, ni gesi. Gari la soko la Japani lilipimwa kwa taratibu za Japani na halina cheti cha Ulaya. Bila ushahidi wa CO2 unaokubalika unapigwa asilimia 41, na bila ushahidi wa NOx unapigwa euro 600 au, kwa dizeli, euro 4,850. Kijana mmoja tunayemfahamu aliagiza Noah kwa ajili ya familia ya watoto wanne, bei nzuri, gari safi, karatasi ya mnada alama ya juu. VRT ilikaribia bei ya gari. Lilikuwa gari zuri na bado analiendesha, lakini akiba ya mwaka mzima iliingia humo.

Karatasi zitakazohitajika ni cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza, risiti na hati ya meli.

Na redio: zile za Japani huishia megahezi 90 au 95. RTÉ Radio 1 iko kati ya 88 na 90 kwa hiyo utaipata. Today FM iko juu ya 100 na hutaipata bila kubadilisha redio au kufunga kile kifaa cha kupanua masafa ambacho kila fundi wa redio Kariakoo anakijua.

Nahamia Dublin kutoka London na gari langu. Nalipa vyote hivyo?

Huenda usilipe chochote. Kuna msamaha wa kuhamisha makazi. Masharti makuu: gari liwe lako na ulitumie nje ya Ireland kwa miezi 6 au zaidi kabla ya kuhama, kodi zake za huko ziwe zimelipwa, na uliingize ndani ya miezi 12 tangu uhamishe makazi. Kwa forodha na VAT, kama unatoka nje ya Umoja wa Ulaya, uwe umeishi huko angalau miezi 12 mfululizo. Ukishapewa msamaha huruhusiwi kuliuza, kulikodisha wala kumwazima mtu kwa miezi 12 baada ya usajili. Ukifanya hivyo VRT inadaiwa.

Ombi linapelekwa Revenue kabla ya usajili, na ushahidi ndio kila kitu: mkataba wa pango wa London na wa Dublin, barua ya mwajiri wa zamani na wa sasa, bili za umeme, bima ya gari inayoonyesha ulikuwa unaliendesha. Anza kukusanya ukiwa bado kule. Bili ya umeme ya London ni kazi kuipata ukiwa Drogheda.

Siku ya miadi niende na nini?

Kadi halisi ya usajili ya nchi ilikotoka, si nakala. Risiti ya kununulia yenye tarehe. Ushahidi wa tarehe gari lilipoingia. Namba yako ya PPS, ile ya utambulisho wako kwa serikali ya Ireland, pamoja na barua inayoithibitisha. Kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Ushahidi wa CO2 na NOx. Fomu VRTVPD2 kwa gari lililotumika, au VRTVPD1 kwa jipya. Na kama gari limetoka nje ya Umoja wa Ulaya, namba ya tamko la forodha. Bila hiyo hawakusajilii.

Jina kwenye risiti na jina kwenye kitambulisho yafanane. Sisi wenye majina matatu na herufi zinazohama tunarudishwa sana kwa jambo hili dogo. Mwambie muuzaji aandike jina kama lilivyo kwenye pasipoti.

Wanakagua nini?

Namba ya chesisi, aina, toleo, rangi, kilomita, na hali ya jumla. Hawapandishi gari juu wala hawapimi breki. Wakimaliza unapata kiasi unachodaiwa, unalipa, unapewa risiti yenye namba mpya ya gari.

Namba nazitoa wapi, na zinasomwaje?

Zinatengenezwa kwenye maduka ya vipuri, na zinatakiwa ziwe kwenye gari ndani ya siku 3 tangu usajili. Tarakimu za mwanzo ni mwaka, na tangu 2013 hufuatwa na 1 au 2 kuonyesha nusu ya mwaka. Kisha herufi ya kaunti: D ni Dublin, C ni Cork, G ni Galway. Juu yake huandikwa jina la kaunti kwa Kiairishi. Mwaka ni wa usajili wa kwanza popote duniani: gari lililosajiliwa Leeds mwezi Aprili 2018 litakuwa 181 hata ukilileta leo.

Baada ya hapo kuna kodi ya barabara?

Ipo, inaitwa motor tax, na ni tofauti na VRT kwa kuwa hulipwa kila mwaka. Gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya Julai 2008 linatozwa kwa ukubwa wa injini: la cc 1,500 ni euro 413 kwa mwaka, la cc 2,000 ni euro 710, na linalozidi cc 3,000 ni euro 1,809. Kuanzia Julai 2008 wanaangalia CO2, kutoka euro 120 kwa gari la umeme hadi euro 2,400. Cheti cha usajili cha Ireland hukujia kwa posta kutoka Wizara ya Uchukuzi.

MOT ya Uingereza bado ina miezi minane. Nahitaji NCT?

Kama gari lina miaka 4 au zaidi, ndiyo. MOT, ukaguzi wa magari wa Uingereza, haihesabiki hapa. Weka miadi ya NCT mara tu unapopata namba. Gari likifika miaka 10, NCT inakuwa ya kila mwaka.

Bima je?

Ianze kabla ya gari. Piga simu kampuni mbili tatu na modeli halisi, kwa sababu baadhi hazitaki magari ya soko la Japani kabisa. Uliza pia kama watakukatia bima kwa namba ya kigeni au chesisi mpaka usajili ukamilike. Kulipeleka gari kwenye kituo bila bima ni kosa.

Kuna jambo zito zaidi. Leseni za Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingi za kwetu hazibadilishwi Ireland. Mgeni wa muda anaweza kuzitumia hadi miezi 12, lakini ukishakuwa mkazi unatakiwa kuanza na kibali cha dereva anayejifunza na kufanya mtihani. Miaka ishirini ya kuendesha barabara ya Morogoro haikupunguzii bima. Mwenye leseni ya Uingereza hubadilisha bila mtihani, na ya Afrika Kusini pia. Tunawasihi ndugu zetu: leseni kwanza, gari baadaye.

Gari la umeme lina nafuu?

Kubwa. Ni asilimia 7, halina NOx, na kuna punguzo la VRT hadi euro 5,000 kwa gari ambalo OMSP yake haizidi euro 40,000. Punguzo hushuka mpaka kuisha kwenye euro 50,000. Nissan Leaf ya OMSP euro 15,000 ina VRT ya euro 1,050, na punguzo linaimaliza yote. Punguzo hili lina tarehe ya mwisho ambayo bajeti zimekuwa zikiisogeza, kwa hiyo hakikisha bado lipo.

Si naweza tu kuendelea na namba za Uingereza?

Mtalii anaweza. Mkazi hawezi, hata kama gari ni la kaka yako wa Belfast. Forodha husimamisha magari barabarani, na wakilichukua utalipa ili kulitoa.

Nitajuaje kama mita imechezewa?

Kwa gari la Uingereza, ingiza namba yake kwenye tovuti ya serikali ya huko ya historia ya MOT. Ni bure. Utaona maili za kila mwaka wa ukaguzi, moja chini ya nyingine. Zikipanda vizuri kisha zikashuka, umeshapata jibu. Utaona pia kilichofelisha gari kila mara: kutu iliyotajwa mwaka baada ya mwaka haijaondoka kwa kupakwa rangi. Lipia vilevile ripoti ya mikopo na ajali, maana gari lenye mkopo ni la benki, na lililofutwa na bima kwa kuharibika, daraja A au B, halisajiliwi Ireland. Kurudisha mita nyuma ni kosa la jinai hapa.

Sikubaliani na OMSP niliyopewa.

Lipa kwanza, usajili ukamilike, kisha kata rufaa Revenue kwa maandishi ndani ya miezi 2. Peleka matangazo ya magari yanayofanana yanayouzwa Ireland wakati huo huo: mwaka ule ule, toleo lile lile, kilomita zinazokaribiana. Yapige picha siku ile ile ya usajili kwa kuwa matangazo hufutwa. Barua ya kulalamikia ugumu wa maisha haisaidii. Matangazo matano mazuri yanasaidia. Wakikataa, unaweza kwenda Tume ya Rufaa za Kodi ndani ya siku 30. Watu hurudishiwa pesa kwa njia hii, na haihitaji mwanasheria.

Nikiamua kulipeleka gari nyumbani baadaye, narudishiwa VRT?

Sehemu yake, inawezekana. Kuna mpango wa kurejesha VRT kwa magari yanayotoka nchini moja kwa moja. Gari lazima liwe na NCT hai na likaguliwe na NCTS kabla ya kuondoka, kisha lisafirishwe ndani ya siku 30 na upeleke ushahidi wa kusafirisha. Ukishalipakia kwenye kontena bila ukaguzi huo, haki yako imepotea. Kama linaenda Mombasa, hesabu umri wake mpaka siku litakapofika, kwa sababu lililozidi miaka 8 halitapokelewa.